Sajini Ambaye Hakutaka Kumbishia Kolonele

Ninyi vijana mliobaki grefu, ofisini mwa makarani, na kompyuta zenu mmeniomba niandike "kitu kidogo" kuhusu miaka yangu ya ukarani katika korti za jeshi. Kitu kidogo! Miaka hiyo ukiiweka juu ya mizani ya mama muuza mihogo, mizani inapasuka. Lakini nimestaafu, mke wangu amechoka kuniona nikizunguka uani nikihesabu kuku, kwa hiyo naandika. Habari za nyota za mabegani naziruka, kwa sababu nyota haijawahi kumfundisha mtu kushona dosie, yaani jalada la kesi. Za mshahara pia naziruka, maana wenyewe mnaujua na sitaki mlie juu ya karatasi yangu. Nitawaandikia kuhusu rufaa, kazi iliyonipandisha presha kuliko malaria zote za bonde la Ruzizi, na kuhusu mtu mmoja aliyenitoa jasho hadi leo, Sajini Byamungu.

Niliingia grefu na diploma ya shule ya jioni. Darasa letu lilikuwa na taa moja ya mafuta, na mwalimu aliibeba kila alipogeukia ubao, hivyo sisi tulibaki gizani tukinakili sheria kwa kusikiliza mlio wa chaki. Nilijiona profesa. Siku ya kwanza nikavaa kofia ya jeshi iliyonyooshwa pasi, nikajitokeza mbele ya karani mkuu, Papa Lubunga, mzee mfupi aliyefunga miwani yake kwa kamba ya ndoana. Hakuitazama diploma.

"Weye unajua kushona?" aliniuliza.

"Papa, minye nimesoma sheria."

"Sijakuuliza kama umesoma. Nimekuuliza kama unajua kushona."

Basi elimu yangu yote ikaanzia kwenye sindano. Papa Lubunga alikuwa na sindano ya magunia na bobini ya uzi wa nyavu aliyoinunua kwa wavuvi wa Kalundu. Dosie ya kwenda rufaa ilitobolewa pembeni kwa msumari, karatasi ikahesabiwa moja moja, halafu tukaishona kama gunia la chumvi, na juu ya fundo la mwisho tukapiga kashe, yaani muhuri, kwa nguvu hadi meza inaruka. Karatasi isiyoshonwa, alisema, ina miguu. Inatoka hapa Uvira ikiwa shahidi, inafika kule juu ikiwa haipo, na aliyefungwa anabaki amefungwa. Nimeona kompyuta zenu. Ni nzuri sana. Siku umeme ukikatika, nitawaletea sindano.

Yeye ndiye aliyenieleza rufaa ni nini, na nawapa kama alivyonipa, maana kila mwaka naona karani mpya akiwaeleza watu upuuzi. Tribinali ya jeshi inahukumu, askari anakwenda gerezani. Ana siku chache mno za kusema hakubali. Haihitaji barua yenye mapambo. Anaweza kusema kwa mdomo tu, mbele yetu grefu au mbele ya mkuu wa gereza, sisi tukaandika na yeye akatia saini. Lakini lazima aseme yeye, au avoka, yaani wakili, aliyempa ruhusa. Mke haruhusiwi, baba haruhusiwi, mchungaji wa kanisa haruhusiwi, ingawa wote watatu watakuja, tena pamoja, tena wakati una kijiko cha sombe, yaani kisamvu, mdomoni.

Akishasema, kesi nzima inapanda korti ya rufaa, na majaji wengine kabisa wanaanza upya. Wanasoma, wanaita mashahidi tena, wanauliza tena. Watu wengi hudhani korti ya juu inatafuta makosa ya karatasi tu. Inatafuta hayo, kweli, lakini inatafuta pia kama jambo lenyewe lilitokea, na kama adhabu inalingana nalo. Inaweza kuithibitisha hukumu, kuipunguza au kuifuta. Kuongeza adhabu inaweza pale tu ambapo oditere, yaani mwendesha mashtaka wa jeshi, naye amekata rufaa. Kama aliyelalamika ni askari peke yake, hawamwongezei hata siku moja. Jambo hili nimelieleza mara milioni moja, nimepunguza hapo, na bado gerezani wanatishana kwamba ukienda rufaa utarudi na kifungo cha maisha na viboko juu.

Kisha kuna barabara. Zamani dosie zilipanda Bukavu, kwenye korti ya rufaa, mgongoni mwangu, nikiwa nyuma ya pikipiki, zimefungwa kwenye turubai la plastiki kama mtoto mchanga. Mpaka Luvungi ni vumbi, na mimi nilikuwa nafika Luvungi mwekundu kama tofali, wauza ndizi wakiniuliza ninauza udongo wa wapi. Baada ya hapo ni milima, na mvua ya milima ile hainyeshi, inamwagwa kwa ndoo. Mara moja pikipiki ililala kwenye tope, dereva upande mmoja, mimi upande mwingine, na dosie za watu wazima wenye watoto zikiteleza kuelekea korongoni. Nilizirukia kama golikipa. Uzi wa nyavu ulishika. Suruali yangu haikushika.

Na benchi, yaani jopo la majaji! Hapo ndipo nilipozeekea. Majaji wa jeshi si wote wanasheria. Sheria inataka maofisa wa kawaida wa jeshi wakae pamoja na wanasheria, wenye cheo kinachotosha, wasiwe chini ya mshtakiwa. Kwa maandishi ni jambo la busara, maana askari anahukumiwa na watu wanaoijua kambi. Kwa miguu yangu lilikuwa jambo la kuzunguka mji mzima nikisaka ofisa kama mtu anayesaka mbuzi aliyekata kamba. Huyu yuko kwenye misheni, huyu ana homa, huyu anasema barua imekosea jina lake la tatu. Bila yeye benchi haijatimia, na benchi isiyotimia ikihukumu, hukumu inaanguka yenyewe. Kwa hiyo tunaahirisha, na yule wa gerezani anaendelea kuhesabu mabati.

Sasa Sajini Byamungu. Alikuwa mlinzi wa ghala la silaha kwenye posta moja, kituo cha jeshi cha tambarare, upande wa mto. Mvua za mwaka ule mto ulitoka kitandani mwake ukaingia kambini. Maji yaliporudi, bunduki moja kubwa, ile ya kulalia chini yenye miguu miwili, haikuonekana. Mkuu wa posta, Liyetena Dido, aliandika kwamba aliiacha mikononi mwa sajini. Sajini hakuandika kitu. Mbele ya tribinali, iliyoongozwa na kolonele mmoja, alisimama kama mlingoti, mikono imebana mapaja, akaulizwa, akaulizwa tena, na jibu lake lilikuwa "Nimesikia, mukubwa." Wakamtia hatiani kwa kuuza silaha ya serikali. Miaka kumi. Siwalaumu waliomhukumu. Mtu ukimwuliza bunduki iko wapi naye anakupigia saluti, utaandika nini?

Asubuhi iliyofuata mke wake, Mama Zawadi, aliingia grefu bila kubisha hodi. Alikuwa mwanamke mkubwa, muuza dagaa, na harufu ya dagaa ilifika mezani kwangu kabla yake.

"Papa Grefiye, andika. Tunakata rufaa."

"Mama, ni yeye anapashwa kusema. Weye hauwezi."

"Yeye hataki."

"Hataki kwa nini? Juu ya yale maneno ya gerezani, kwamba watamwongezea? Oditere hakukata rufaa, mama. Hawawezi kumwongezea hata siku moja."

"Kama ingekuwa woga, minye ningemupiga kofi aache kuogopa. Hapana. Anasema kolonele amehukumu, na yeye ni sajini. Anasema sajini habishiagi kolonele."

Niliweka kalamu chini. Nimeona watu wakikosa rufaa kwa ulevi, kwa usingizi, kwa kungojea ushauri wa mjomba aliyeko ng'ambo. Lakini mtu anayekubali miaka kumi kwa adabu! Nilikwenda gerezani mwenyewe, pamoja na avoka wake, Metre Nsimire, msichana mwembamba aliyetoka chuo juzi na aliyezungumza kama redio iliyokosa kitufe cha kuzima. Muda wa rufaa ulikuwa unakaribia kuisha. Tulimkuta sajini amekaa wima hata kwenye mkeka.

"Sajini," alisema Metre, "rufaa si matusi. Sheria yenyewe inakupa haki hii."

"Ndiyo, metre."

"Basi utasaini?"

"Hapana, metre. Kolonele amesema."

"Lakini kolonele anaweza kukosea!"

Sajini alitazama mlango, kama kwamba kolonele yuko nyuma yake. "Usiseme vile, metre. Kuta hizi ni za jeshi."

Nilijaribu mimi. Nilimkumbusha watoto, nikamkumbusha mke, nikamkumbusha kwamba miaka kumi ni mingi hata kwa kobe. Alikuwa anaitikia kila neno. Hakuna kitu kinachochosha duniani kama mtu anayekubali kila unachosema na hafanyi hata kimoja. Mwishoni Metre Nsimire, shati limelowa, alipata njia.

"Sajini, ni nani anasainigi sheria ya nchi?"

"Mukuu wa nchi."

"Na mukuu wa jeshi yote ni nani?"

Alifikiri. "Ni yeye yeye."

"Basi yeye ndiye aliandika kwamba askari aliyehukumiwa akate rufaa akitaka. Amekuruhusu. Kolonele na mukuu wa jeshi yote, nani iko juu?"

Sajini Byamungu alisimama. Akavuta shati, akafunga kifungo cha shingo. "Kama ruhusa imetoka kule," alisema, "iko wapi ile karatasi?" Akatia saini huku amesimama, herufi kubwa kama za mlango wa duka, nami nikaishona dosie jioni hiyo hiyo kabla hajabadili mawazo.

Dosie ilipanda. Ikakaa. Mvua zikaisha, mahindi yakakomaa, mvua zikaanza tena. Mama Zawadi alipita grefu kila siku ya soko kuniuliza kama kuna habari, na kila mara nilimjibu "bado" kwa sauti inayopungua, mpaka nikaanza kujificha nyuma ya kabati kila niliponusa dagaa. Hatimaye korti ya rufaa ikatangaza itashuka Uvira kusikiliza kesi za huku kwa wiki moja tu, na mimi nikaazimwa kuwa karani wake. Nilifurahi sana. Furaha ilidumu mpaka asubuhi ya kikao, ofisa mmoja wa benchi alipolazwa hospitalini. Wa akiba, ilisema barua, ni Majoro Kitoga, msimamizi wa mizigo ya jeshi bandarini Kalundu. Rais wa korti, kolonele mwenye mvi na subira nyingi, alinitazama juu ya miwani na kuniita kwa cheo changu.

"Ajida, mlete. Asipokuja, kesi ya sajini inaahirishwa, na sisi hatujui tutarudi lini."

Nilipanda pikipiki hadi Kalundu nikimlaani kila mbuzi wa barabarani. Majoro alikuwa gatini katikati ya wabeba mizigo, mnene, jasho linamtiririka, akiwatukana kwa lugha nne kuhusu magunia ya unga yaliyopangwa vibaya.

"Korti?" alisema. "Minye ni mutu ya maji. Korti iko kwenye udongo. Inanihusu nini?"

"Jina yako iko kwenye barua, majoro."

"Batafute mwingine."

"Mwingine iko hospitali."

"Basi bangojee apone! Leo mashua inatoka. Unaona ile mashua? Ikitoka imelala upande, minye ndiye nitaulizwa."

Mbebaji mmoja, gunia kichwani, alipaza sauti: "Muende mukahukumu, mukubwa! Leo tupakie bila matusi, masikio yapumuzike!" Gati zima likacheka. Majoro akamtupia kipande cha kamba, akavaa koti la jeshi juu ya shati lililolowa, na akapanda nyuma yangu. Pikipiki ililia kama mtu. Njia nzima alinipiga begani akisema, "Haraka, ajida, haraka! Twende tumalize!"

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wenye paa la mabati, joto la kuivisha mayai. Majaji walikaa, Majoro Kitoga mwishoni karibu na dirisha, macho yake kwenye ziwa. Nilisoma hukumu ya kwanza kwa sauti. Liyetena Dido alitoa ushahidi wake ule ule, kwa haraka, akitazama kofia yake. Kisha rais akamwita sajini, naye akaja mbele kwa hatua za gwaride, akasimama, na nikajua mara moja kwamba siku itakuwa ndefu.

"Sajini, bunduki iliuzwa?"

"Hukumu imesema hivyo, mukubwa."

"Nakuuliza wewe."

"Ndiyo, mukubwa. Unaniuliza."

Watu wakacheka. Metre Nsimire alifunika uso kwa mikono. Rais akanywa maji.

"Liyetena anasema aliiacha mikononi mwako. Ni kweli, au si kweli?"

"Liyetena ni mukubwa wangu."

"Sikukuuliza cheo chake!"

"Nimesikia, mukubwa."

Kolonele huyu nilimheshimu, kwa sababu hakuchoka upesi. Aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akamwamuru asimame kwa kupumzika, naye sajini akapumzika akiwa wima vile vile. Metre aliomba kuuliza, akauliza, akapata "Ndiyo, metre" za kutosha kujaza gunia. Kalamu yangu iliandika jibu lile lile mpaka nikatamani kuchora tu mstari. Na wakati wote huo nilijua, kila mtu ukumbini alijua, kwamba bila neno lake majaji hawana cha kushika ila karatasi ya liyetena, na wakithibitisha, mtu huyu anarudi kwenye mkeka kwa miaka iliyobaki.

Mwishoni rais alisema polepole: "Sajini Byamungu, nakupa amri. Kama liyetena anadanganya, sema anadanganya."

Jasho lilimtoka sajini kwenye masikio. "Mukubwa," alisema, "amri ya kumutukana mukubwa mwingine, minye sijafundishwa namna ya kuitekeleza."

Mama Zawadi akaruka kutoka benchi la nyuma. "Nyumbani unanibishia mpaka chumvi ya sombe! Chumvi! Leo ndiyo umekuwa bubu?"

"Mama, kaa chini!" alisema rais.

"Nakaa, papa, lakini namwambia! Weye, utaniachia hawa batoto?"

Nje, kule ziwani, mashua ikapiga honi. Majoro Kitoga akapiga meza kwa kiganja mpaka wino wangu ukamwagika. "Bwana Rais, nisamehe, lakini hapana! Mashua yangu inaondoka na magunia yamelala upande, na hapa tunaulizana kweli-si-kweli mpaka kesho! Sajini!"

Sajini, aliyekuwa tayari amesimama wima, akasimama wima zaidi. Sikujua inawezekana.

"Posta ya mto! Siku ya maji kupanda! Toa ripoti!"

Na kama mtu aliyefungua bomba, sajini akaanza.

"Ripoti, mukubwa. Asubuhi maji iliingia ghala. Wakati ya chakula ilifika magoti. Liyetena alitoa amri: vijana bapande kwenye kilima, bunduki kubwa iingie mutumbwi, yeye mwenyewe aende nayo. Amri ilitekelezwa. Mutumbwi ulikuwa na liyetena, mupiga kasia mumoja, bunduki moja. Ulipofika kwenye shamba ya miwa, maji iliugeuza. Niliruka kutoka kilima. Mupiga kasia alishikwa shingo na liyetena. Niliwavuta bote wawili. Bunduki haikuvutwa. Bunduki iko chini, upande ya miwa. Mwisho wa ripoti, mukubwa."

Honi ya mashua ilipiga tena na hakuna aliyeisikia, hata majoro.

"Sajini," alisema rais, akiivua miwani yake, "kwa nini hukusema haya tangu mwanzo?"

"Hakuna mutu aliniomba ripoti, mukubwa. Baliniuliza kama mukubwa wangu iko na kosa."

Ndugu zangu, nilitaka kuruka meza nimkabe. Mwaka mzima! Mkeka, dagaa, mimi nyuma ya kabati! Askari yule hakuwahi kuambiwa neno moja ambalo kila koplo anaambiwa asubuhi. Kumpinga mkubwa hakuweza. Kutoa ripoti aliweza hata usingizini, na katika ripoti unasema kilichotokea, awe nani aliyekuwemo.

Rais alimgeukia Liyetena Dido. Kijana yule alikuwa amekuwa na rangi ya majivu. "Una kitu cha kuongeza kwenye ripoti hii?"

Liyetena alikunja kofia yake. Alimtazama sajini, aliyekuwa bado anatazama ukuta. "Nilikunywa maji mengi siku ile, Bwana Rais," alisema. "Nilipopata fahamu nilikuwa juu ya nyasi. Niliogopa juu ya bunduki."

Oditere akasimama, na alikuwa na haki ya kusimama. Wawili hawa wangeweza kuwa wamepatana, alisema. Rufaa haifuti hukumu kwa sababu ukumbi umeguswa. Ni kweli, vijana, liandikeni hilo: majaji wa rufaa wanaweza kuamini mtu, lakini lazima waandike kwa nini. Kwa hiyo rais akaahirisha hadi kesho yake, na pikipiki ikatumwa kumtafuta mpiga kasia. Majoro Kitoga akaondoka bila kuaga kwenda kuiona mashua yake, na asubuhi akarudi mwenyewe, kabla ya wote, hakuna aliyemfuata.

Mpiga kasia alikuwa mkulima kutoka Luvungi ambaye wakati wa mafuriko huvusha watu. Alikuja na kasia lake begani, akidhani ameitwa kazini, na alikataa kuliacha mlangoni.

"Unamjua mtu yeyote hapa?" aliuliza rais.

Alizungusha macho. "Ule afande," akamwonyesha liyetena kwa ncha ya kasia, nami nikainama nisipigwe. "Alinishika shingo mule majini kama bibi-arusi. Tulikuwa tunakufa bote. Na ule mwembamba mwenye kusimama wima ndiye alitutoa. Nilimutafuta baadaye nimupe ndizi, banasema iko gereza. Nikasema, labda ameiba kitu."

"Na bunduki?"

"Ile chuma? Iliingia kwanza. Chuma haiogelei, papa."

Majaji walijifungia. Tulingoja nje kwenye ukuta wenye kivuli, Mama Zawadi akisali na kumtukana mumewe kwa pumzi moja. Walipotoka, rais alisoma taratibu. Rufaa ilikubaliwa kwa kuwa ilifanywa ndani ya muda, tena na mwenyewe. Kosa la kuuza silaha halikuthibitika, kwa maneno ya mpiga kasia na ya liyetena mwenyewe. Hukumu ya kwanza ikafutwa, Sajini Byamungu aachiwe mara moja. Habari ya liyetena ikapelekwa kwa oditere, na hiyo ni kesi nyingine, na kwa bahati nzuri haikuwa yangu.

Sajini alisikiliza yote bila kupepesa. "Umeelewa?" aliuliza rais.

"Nimesikia, mukubwa."

"Uko huru."

"Ndiyo, mukubwa." Na akabaki amesimama. Mlinzi wa gereza ndiye aliyemgusa kiwiko na kumwonyesha mlango.

Nilitoka nyuma yao na kalamu bado mkononi. Majoro Kitoga alikuwa tayari amepanda nyuma ya dereva wa pikipiki, koti wazi. Alipomwona sajini akapiga kelele ya gatini: "Sajini! Panda hapa nyuma! Minye nataka mutu kama weye Kalundu, anayejua kutoa bantu majini. Nitaandika barua mwenyewe. Twende, leo leo!"

Ilikuwa heshima, na ilikuwa amri, na wote tuliokuwa pale tuliijua kuwa ni vyote viwili. Visigino vya sajini viligongana. Mkono ulianza kupanda kwenda kwenye saluti. Mama Zawadi, mfuko wa nguo za mumewe kifuani, hakusema kitu, na sijawahi kumwona hivyo kabla wala baadaye.

"Hapana, mukubwa," alisema.

Dereva wa pikipiki akazima moto.

"Leo ninaenda nyumbani," sajini aliongeza, kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayejaribu daraja jipya kwa mguu mmoja.

Niliishika kalamu, lakini kikao kilikuwa kimefungwa na sikuwa na ukurasa wa kuiweka "hapana" hiyo. Majoro akatikisa kichwa, akampiga dereva begani waende. Mama Zawadi alimshika mumewe mkono, wakashuka barabarani kuelekea sokoni, yeye akiongea, sajini akisikiliza. Walipofika kwenye kona nilimwona sajini akimbishia mkewe kitu. Sikusikia ni nini. Nadhani ni chumvi.